Jinsi ya kuisoma Ngome Kongwe ya Bagamoyo kwa macho yako mwenyewe

Kila nikipata wageni hapa Bagamoyo wananiambia niwapeleke kwenye "jengo la Mjerumani", nawapeleka Ngome Kongwe, wanapiga picha mlangoni, dakika kumi washachoka wanauliza samaki wanauzwa wapi. Inaniuma kwa kweli, maana lile jengo limebadilishwa kazi mara tano na kila aliyepita kaacha alama yake ukutani, ila lazima ujue pa kuangalia. Basi nawaelekeza ninavyofanya mimi.

Kwanza achana na swali la nani alijenga. Ukishaambiwa ni Abdallah Marhabi, miaka ya 1860 hivi, unaona umemaliza kazi. Wewe uliza hivi: nani alikua analala humu, na alipoingia alibadilisha nini? Marhabi alijenga nyumba ya kuishi. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 mpaka 1888, akaiongezea nguvu ikawa ngome hasa. Alafu Wajerumani, vita ya Abushiri, ya watu wa pwani kuwapinga, ikawaka 1888, mwaka uliofuata akaletwa afisa wao Wissmann na askari wa Kisudani waliochukuliwa Misri na Washangaani kutoka Msumbiji, jeshi hilo ndo likaja kuitwa Schutztruppe, yani jeshi la koloni la Mjerumani, 1891, na ngome ikawa kambi ya wanajeshi. Mwingereza akauteka mji Agosti 1916, yeye akaja kuifanya jela. Baada ya uhuru wakaingia polisi, baadae ikawa chini ya Mambo ya Kale, idara ya serikali ya majengo ya kihistoria. Nyumba, ngome, kambi, jela, polisi, makumbusho. Andika hivyo vitu sita kwenye daftari, kila kimoja na nafasi chini yake, utakua unajaza unavyozunguka.

Nenda asubuhi. Ukitoka Dar ni kama kilomita 70, panda gari mapema pale kituo cha Makumbusho ufike jua bado liko pembeni, kwa sababu mwanga ukilalia ukuta unaona viraka vyote, saa sita mchana ukuta wote unakua mweupe tu huoni kitu. Lipa kiingilio, chukua risiti, na umwambie anayekutembeza kwamba huna haraka.

Sasa ukuta. Tafuta mahali plasta imebanduka usogee karibu kabisa, utaona jiwe la matumbawe lina vinyota vidogo vidogo, hayo ni makazi ya wadudu wa baharini, na katikati ya mawe kuna chokaa na mchanga. Usikwangue hata kidogo, angalia tu. Chokaa inapumua, unyevu unaingia unatoka. Saruji haipumui, ukiipaka juu ya matumbawe maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma, mwisho kiraka kinavimba na kudondoka kama ganda la muhogo uliochemka huku kimebeba na jiwe la watu. Nyumba ya babu yangu Mji Mkongwe iliharibika hivyohivyo, fundi alituambia saruji ni imara zaidi tukamwamini, mvua mbili tu ukuta wa nyuma ukawa unamwagika unga. Kwahiyo ukiona kiraka kigumu cha kijivu jua hicho kimewekwa baadae, sio cha Marhabi.

Vyumba pima kwa hatua. Dari za zamani zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi mita 3 hivi inaanza kupinda, ndo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba. Ukikuta chumba kipana angalia juu kilichobeba dari, ukiona chuma andika kwa waliokuja baadae. Mlango uliozibwa, dirisha lililowekwa nondo, tundu la bunduki, vyote vitafutie aliyeviweka kwenye ile orodha yako.

Alafu wazee, hapa ndo watu wengi wanakosea. Usianze na simu ya kurekodi. Shikamoo kwanza, kaa, kahawa kidogo, na usiulize "historia ya hapa ni ipi" maana utajibiwa kilichoandikwa kwenye kibao. Uliza polisi walipokua humu walipikia wapi, maji walichota wapi, watoto walikatazwa kupita upande gani. Utasimuliwa pia habari ya handaki la watumwa mpaka baharini, iandike, ila andika ni simulizi na nani kakusimulia.

Sikiliza na maneno. Gereza limetoka kwenye neno la Kireno la kanisa, na kule Kilwa Kisiwani ngome yenyewe inaitwa Gereza. Boma lilikua ni uzio wa kujihami, Mjerumani akaketisha serikali ndani ya boma, mpaka leo miji kibao ina Bomani yake. Shule na hela ni Kijerumani kabisa, yani tunavitamka kila siku.

Boma la hapa kwetu ni la 1897, ghorofa moja, umbo la herufi U. Hilo lilijengwa kuwa ofisi tangu mwanzo, akakaa Mjerumani, akakaa DC wa Kiingereza, akakaa mkuu wa wilaya wetu, mpaka mvua kubwa ikaangusha sehemu yake. Linganisha na Ngome: huku mtu kajenga kwa kutawala, kule watu wamejibana kwenye nyumba ya mtu.

Ukiwa bado na nguvu malizia mnara wa Dunda, ule wa mviringo wa 1889. Ni mdogo, dakika ishirini zinatosha. Weka jicho kwenye tundu la bunduki moja baada ya jingine, na kila tundu uandike linaelekea wapi, ujue mwaka ule waliokua ndani walimtegemea adui atokee upande gani.