Jinsi ya kuomba kipimo cha kuotesha vijidudu katika maabara ya serikali, Uganda

Mama yangu ana sukari. Mkojo ulipoanza kumchoma tulidhani ni jambo la siku mbili tatu. Duka la dawa hapa Bombo likatupa sipro, vidonge vya kuua bakteria. Ikatulia, ikarudi. Kituo cha afya wakampima kwa kijiti kinachochovywa kwenye mkojo, wakaona kuna maambukizi, wakamchoma sindano za ceftriaxone. Ikatulia, ikarudi tena. Ndipo tabibu mmoja akaandika kwenye daftari la mama kwamba mkojo uoteshwe. Kipimo hicho kimoja kilitugharimu safari tatu za Kampala na karibu wiki tatu, na muda mwingi ulipotea kwa mambo ambayo mtu angeweza kutueleza kwa dakika mbili. Nayaandika ili mgonjwa wako asingoje kama mama alivyongoja.

Kwanza ujue unaomba nini. Kijiti kinaonyesha tu kwamba kuna maambukizi. Hakisemi ni kijidudu gani, wala dawa gani itakimaliza. Kuotesha, ambako hospitalini wengi wanakuita kalcha, ni kupaka tone la mkojo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, kuiweka kwenye joto linalokaribia la mwili, na kesho yake kutazama kilichoota. Kikiota kitu, wanakijaribu kwa dawa mbalimbali: vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa huwekwa juu ya sahani, na pale dawa inapofanya kazi panabaki duara tupu kuizunguka karatasi. Kwa mgonjwa aliyemeza dawa mbili na bado anaumwa, duara hilo ndilo la kutafuta.

Usianzie dirisha la maabara. Anzia kwa daktari au tabibu, kwa sababu maabara hupokea fomu iliyosainiwa na mhudumu, haipokei maneno ya mgonjwa. Wala usipande taksi moja kwa moja hadi Butabika. Maabara kuu ya taifa ya afya ya umma iko huko, upande wa Luzira, lakini kazi yake ni kupokea sampuli zinazotumwa na vituo vya afya. Kituo chako kinakusanya sampuli, pikipiki ya sampuli inapita siku zake kuzichukua na kuzipeleka kwenye kituo cha eneo, kisha zinasafirishwa hadi Butabika. Damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI inapita njia hiyo, na damu ya mtoto mchanga iliyokaushwa kwenye kadi pia. Wewe unabaki nyumbani, sampuli inasafiri.

Mkojo hauwezi kungoja pikipiki. Ukikaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, bakteria wachache walioingia kwa bahati mbaya wanazaliana hadi wanafanana na ugonjwa. Ukiwekwa kwenye friji unaweza kuvumilia hadi saa 24. Kwa hiyo mkojo unahitaji hospitali inayootesha pale pale, na kituo cha afya cha ngazi ya tatu kwa kawaida hakina kazi hiyo. Kina hadubini, kipimo cha haraka cha malaria na vijiti. Uliza hospitali za rufaa, na swali liwe hili: “Mnaotesha hapa hapa, na leo mna vifaa?” Ukiambiwa vifaa vimekwisha, ni afadhali ulijue hilo kabla ya kulipa nauli.

Safari yetu ya kwanza iliharibikia kwenye chupa na saa. Mama alikojoa nyumbani alfajiri kwenye chupa ya jemu niliyoisafisha kwa maji ya moto. Tukapanda taksi, Bwaise pakawa pamefungana, tukafika dirishani saa nne. Sista akaitazama ile chupa, akasema kwa upole kwamba hawezi kuipokea. Chupa ya nyumbani, hata ukiichemsha, haiaminiki. Unatakiwa kutumia kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha kusokota kilichofungwa kiwandani, na usikifungue hadi dakika unayokitumia. Waombe hapo hapo. Wakikosa, duka la dawa lililo karibu na hospitali huwa navyo.

Kisha akaweka kidole kwenye fomu yetu, kwenye kisanduku cha saa sampuli ilipochukuliwa. Nilikuwa nimeandika 12:00. Mama alisema saa kumi na mbili, nami nikaandika nilivyosikia. Lakini fomu ni ya Kiingereza na saa zake ni za Kizungu, kwa hiyo kwao ilisomeka saa sita mchana, na wakati ule saa sita ilikuwa haijafika. Nawaomba sana ndugu zangu tunaohesabu saa kwa Kiswahili: kwenye fomu ya maabara saa kumi na mbili asubuhi iandikwe 6:00 am, saa tatu asubuhi iandikwe 9:00 am. Kisanduku hicho ndicho mtaalamu wa maabara anachotumia kujua kama mkojo wako bado unafaa. Kikiwa tupu, au kikiwa na saa isiyowezekana, sampuli inarudishwa.

Safari ya pili tulifanya sawasawa, tukidhani. Mama alitolea mkojo hospitalini, kichupa kipya, fomu safi. Tukarudi siku ya tatu kuchukua majibu: hakuna kilichoota. Mama alikuwa bado anaungua. Daktari akamuuliza kama ametumia dawa yoyote wiki ile. Naam, alikuwa amemeza vidonge vilivyobaki nyumbani, viwili asubuhi ile ile, ili aweze kukaa kwenye taksi bila kuteseka. Dawa iliyo kwenye mkojo inawazuia bakteria kuota sahanini hata kama hawajafa mwilini. Hakuna aliyekuwa ametuuliza, na mimi niliacha wazi sehemu ya fomu inayotaka dawa alizotumia mgonjwa.

Hapa ndipo ningependa usome mara mbili. Sampuli ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kama dawa imeshaanza, usimwachishe mgonjwa kwa uamuzi wako. Mwambie daktari jina la dawa na siku ya mwisho aliyoimeza, yeye ndiye aamue kusubiri au kuchukua sampuli hivyo hivyo, na lolote atakaloamua liandikwe kwenye fomu. Na mgonjwa akiwa na homa kali, maumivu ya ubavuni au mgongoni, kutapika au kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hapo sampuli inachukuliwa haraka na dawa inaanza papo hapo, bila kungoja majibu.

Mengine ya fomu unayajua. Hakikisha tu kwamba jina na umri kwenye kichupa vinalingana na fomu herufi kwa herufi. Kwetu Wanubi majina yanafanana sana. Siku ile kulikuwa na Amina wawili kwenye benchi moja, na mmoja ndiye mama yangu.

Namna ya kutoa mkojo, mweleze mgonjwa kabla hajaingia chooni, maana mtu mzima anaona haya kuuliza. Anaosha mikono, anajisafisha kwa maji, anaacha mkojo wa mwanzo uende, anakinga wa katikati, na wa mwisho anauacha. Asiguse ndani ya kichupa wala kifuniko. Kwa bibi asiyeweza kuchuchumaa vizuri, ingia naye umshikie. Majibu yakisema wameota bakteria wa aina nyingi mchanganyiko, mara nyingi maana yake ni kwamba sampuli ilichafuka wakati wa kuchukuliwa, na utaombwa nyingine.

Sampuli nyingine nazitaja kwa ufupi. Makohozi ya kifua kikuu yatoke ndani ya kifua, asubuhi kabla ya kula, mate hayatoshi. Mashine ya GeneXpert inatoa jibu kwa chini ya saa mbili ikishawashwa, na inaonyesha pia kama rifampicin, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, imeshindwa. Kuyaotesha ni jambo la wiki, hadi siku 42 kwenye chupa za majimaji, kwa hiyo usiende kuuliza kila Jumatatu. Kazi hiyo inafanywa na maabara ya kifua kikuu ya Kampala, ambayo tangu 2013 inahudumia hata nchi nyingine. Damu ya kuotesha huchukuliwa na mhudumu mwenyewe, na chupa zake huachwa mashineni kwa kawaida siku tano kabla ya kusema hakuna kitu.

Kuhusu pesa: malipo ya huduma yalifutwa mwaka 2001 katika vituo vya serikali, isipokuwa wadi na kliniki za kulipia. Ukiwa upande wa kawaida na ukaombwa pesa, omba risiti. Ukitumwa maabara ya nje kwa kuwa vifaa vimekwisha, ondoka na fomu yako iliyosainiwa, usianze upya.

Kabla ya kuondoka dirishani omba namba ya maabara, ile iliyoandikwa au kubandikwa kwenye kichupa, uinakili kwenye daftari. Siku ya majibu ukitaja jina peke yake watapekua rundo zima. Ukitaja namba wanakwenda moja kwa moja. Mkojo uhesabie siku mbili hadi tatu, na kama mwisho wa juma uko katikati, uliza kama wanafanya kazi Jumamosi.

Safari ya tatu mama hakuwa amemeza kitu kwa siku ambazo daktari alitupangia. Majibu yalikuja na bakteria wanaoitwa E. coli, zaidi ya 100,000 kwa kila mililita, na chini yake orodha ya dawa. Mbele ya kila dawa pana herufi: S ni dawa inayoweza kufanya kazi, R ni ile ambayo kijidudu kimekuwa sugu kwayo, I iko katikati na ni ya daktari kuamua. Mbele ya sipro palikuwa na R. Mbele ya ceftriaxone, R. Zile dawa mbili tulizonunua na kuchomwa ndizo zilizokuwa zimeshindwa tangu mwanzo. Nitrofurantoin ilikuwa S, na daktari akaangalia kwanza hali ya figo za mama kabla ya kumwandikia. Usichukue karatasi hiyo ukaenda nayo duka la dawa. Irudishe kwa aliyekuandikia kipimo.

Mama alianza dawa Alhamisi. Jumapili aliniambia amelala usiku kucha bila kuamka. Ile karatasi tumeibandika kwa gundi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, nyuma ya jalada, na kila anapokwenda kliniki ya sukari anaufungua huo kwanza, kabla daktari hajashika kalamu.