Bekapu ya PostgreSQL na faili ya umma: usizichanganye

Tuchukue hifadhidata ya bei za mazao sokoni, jina lake mazao, iliyo ndani ya PostgreSQL (programu ya kutunza hifadhidata). Faili ya umma ni ile unayoiweka mtandaoni kila mtu aipakue. Kosa la kawaida ni kuchukua bekapu ya usiku, kufuta jedwali la wakusanyaji, kisha kuipandisha mtandaoni. Siku mwenzako akiongeza safu ya simu kwenye jedwali jingine, nayo inatoka. Bekapu hubeba kila kitu. Faili ya umma ibebe ulichokitaja tu.

Hatua ya 1: bekapu, saa nane na robo usiku

15 2 * * * pg_dump -Fc -f /bekapu/mazao-$(date +\%F).dump mazao

Huu ni mstari wa cron, programu inayoendesha amri kwa ratiba; pg_dump ndiyo inayotoa bekapu. Angalia ule mkwaju kabla ya %. Bila huo, cron huikata amri hapo hapo. Ukijaribu kwa mkono inakubali, usiku inagoma, na watu hupoteza siku nzima wakitafuta sababu. Majina na nywila za watumiaji wa seva hayamo humo. Yachukue kwa pg_dumpall --globals-only.

Hatua ya 2: nafasi

Tunza bekapu 7 za siku, 4 za wiki, 12 za mwezi. Faili ikiwa GB 2, hiyo ni GB 46, na data inakua. Nakala moja ikae nje ya jengo.

Hatua ya 3: rejesha kila mwezi

createdb jaribio
pg_restore -j 4 -d jaribio mazao-….dump

Kisha hesabu mistari. Januari 31, 2017 GitLab walifuta data yao kwa bahati mbaya, wakakuta bekapu za pg_dump hazipo: toleo la 9.2 lilikuwa likigombana na seva ya 9.6, na barua pepe za onyo zilikuwa zikikataliwa njiani.

Hatua ya 4: faili ya umma

Tengeneza skima (fungu la majedwali ndani ya hifadhidata) iitwayo umma, ndani yake view, yaani hoja zilizohifadhiwa zinazosomwa kama jedwali, zinazotaja safu moja moja: soko, zao, tarehe, bei. Mtumiaji wa kutoa faili aone skima hiyo tu. Toa CSV (faili za maandishi za majedwali) zote ndani ya muamala mmoja wa REPEATABLE READ, ambao huona data ya wakati mmoja tu, la sivyo bei itataja soko ambalo faili ya masoko haina. Andika kwanza .tmp, ikikamilika ndipo uipe jina lake kwa mv, ili asiyejua asipakue nusu.

Swali: Mkuu, namba za simu nikizipitisha SHA-256 (hesabu inayogeuza namba kuwa alama zisizorudishika) si inatosha?
Jibu: Haitoshi. Baada ya 255 zinabaki tarakimu 9, yaani chini ya namba bilioni moja. Kompyuta ya kawaida inazijaribu zote. Iache safu hiyo.

Swali: Nina replika (seva ya pili inayonakili ya kwanza papo hapo), bekapu ya nini tena?
Jibu: DELETE (amri ya kufuta) iliyosahau WHERE, yaani bila kutaja mistari ipi, inafuta yote na inafika replika muda huo huo.

Swali: pg_dump haitawasimamisha wateja?
Jibu: Yenyewe hapana, watasoma na kuandika. Ila ukirusha ALTER TABLE (amri ya kubadili jedwali) wakati huo, itasubiri, na maombi yote ya jedwali lile yatapanga foleni nyuma yake. Mabadiliko ya majedwali yafanye saa nyingine, mkuu.