Kuchagua kinachoingia ndani ya kerneli ya Linux: y, m au n

Kwenye `.config`, faili la mipangilio ya kukompaili kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), y ni kipengele kinachoungwa ndani ya kerneli yenyewe, m ni moduli inayopakiwa ikihitajika, n hakikompailiwi kabisa. Kinachohitajika kabla diski ya mfumo haijafunguka, weka y. Kinachoweza kusubiri, m. Ambacho huna kifaa chake, n.

1. Anza na config ya kerneli inayofanya kazi sasa (`olddefconfig` hujaza chaguo mpya kwa thamani chaguomsingi):
`cp /boot/config-$(uname -r) .config && make olddefconfig`

2. Chomeka kila kifaa unachotumia (flashi, kamera, printa), washa VPN, ndipo uendeshe `make localmodconfig`. Amri hii hutazama `lsmod`, yaani orodha ya moduli zilizopakiwa; moduli ambayo haijapakiwa wakati huo inatupwa. `usb_storage`, `tun` na `wireguard` ndizo husahaulika zaidi.

3. Njia ya kufikia diski ya mfumo. Hapa ndipo usiku huishia.

Kama hutumii initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye RAM kabla diski haijafunguka), mnyororo wote uwe y: draiva ya diski (`BLK_DEV_NVME`, au `SATA_AHCI` pamoja na `BLK_DEV_SD`), mfumo wa faili (`EXT4_FS` au ulio nao), kisha `DEVTMPFS` na `DEVTMPFS_MOUNT`. Kiungo kimoja kikiwa m, moduli yake inakaa kwenye diski ileile ambayo kerneli haiwezi kuifungua, na utaona “Unable to mount root fs”.

Soma namba zinazofuata ujumbe huo. `unknown-block(0,0)`: kifaa hakijatambuliwa, kwa hiyo draiva haipo au `root=`, kigezo cha kuwashia kinachotaja diski ya mfumo, imekosewa. `unknown-block(8,1)`: diski imeonekana, ila mfumo wa faili haumo.

Kuna mtego mwingine: `root=UUID=...` hutafsiriwa na initramfs, si kerneli. Bila initramfs andika `root=PARTUUID=...`, ambayo `blkid` hukuonyesha.

Diski ikiwa imesimbwa kwa LUKS au iko juu ya LVM (sehemu pepe za diski), kuweka `DM_CRYPT` y hakutoshi. Programu za kuifungua ziko nje ya kerneli, hivyo initramfs ni lazima. Binafsi ningebaki na initramfs hata kwenye diski ya kawaida.

4. Draiva zinazodai famuwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa), kama `amdgpu` na `iwlwifi`, ziache m. Zikiwa y huomba faili zao kabla diski haijafunguka, zinakosa, skrini au Wi-Fi inakufa. `EXTRA_FIRMWARE` hutatua hilo kwa kuweka famuwea ndani ya kerneli, lakini ni kazi ya kurudia kila famuwea inapobadilika.

5. Usihariri `.config` kwa mkono. Tumia `scripts/config -e EXT4_FS`, kisha `make olddefconfig`, kisha `grep` uhakikishe: kipengele kisichotimiziwa masharti yake hufutwa kimyakimya.

6. Weka `LOCALVERSION` yako (maneno yanayoongezwa kwenye jina la toleo) ili moduli za zamani zisifunikwe, halafu:
`make -j$(nproc) && sudo make modules_install install`

Config ya Debian au Ubuntu ikigoma kwa kukosa faili la `.pem` (cheti), futa thamani ya `SYSTEM_TRUSTED_KEYS` na `SYSTEM_REVOCATION_KEYS`. Kerneli ya zamani ibaki kwenye menyu ya GRUB mpaka hii mpya iwake vizuri.