Kuongoza Macbeth: hatua za kuionyesha tamaa ya madaraka jukwaani

Mwongozo huu ni wa mwalimu au mwongozaji anayeandaa, na kikundi cha waigizaji, Macbeth ya Shakespeare: tanzia (tamthilia ya huzuni) ya jemadari wa Scotland anayemwua mfalme wake, Duncan, ili atwae taji. Kosa linaloharibu maonyesho mengi ni moja: Macbeth anaingia jukwaani akiwa mwovu tangu mwanzo, wachawi wanamsukuma, mkewe anamsukuma zaidi, na hadhira inakaa saa mbili ikimsubiri afe. Tanzia haiendi hivyo. Hadhira inatakiwa imwone mtu mwenye akili timamu anayejua ubaya wa anachokitaka, anakichagua, kisha anakosa hata raha ya kile alichokiulia.

Hatua ya 1: Andaa maandishi

Tamthilia ina matendo 5 na mistari inayozidi kidogo 2,000. Ndiyo tanzia fupi kuliko zote za Shakespeare. Ipo tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1968. Ukiipata, isome sambamba na ya Kiingereza. Namba za mistari hutofautiana toleo hadi toleo, kwa hiyo mazoezini tajeni tendo na onyesho. Ukilazimika kupunguza, anza na Tendo la 3 Onyesho la 5, lile la Hecate, mungu wa kike wa uchawi. Wataalamu wengi wanaamini liliongezwa na mwandishi mwingine, na likiondoka kisa hakipungukiwi. Tendo la 1 Onyesho la 7 usiliguse hata neno.

Hatua ya 2: Tenga maneno ya wachawi na mawazo ya Macbeth

Gawa karatasi safu mbili, kisha someni Tendo la 1 Onyesho la 3. Safu ya kwanza andika walichokisema wachawi: bwana wa Glamis, bwana wa Cawdor, mfalme wa baadaye. Basi. Hakuna aliyetaja kuua. Safu ya pili andika alichoongeza Macbeth mwenyewe: wazo la mauaji, ambalo analitamka pembeni mara tu anapoletewa habari kwamba kweli amepewa ubwana wa Cawdor. Banquo, jemadari mwenzake, naye ametabiriwa kuwa uzao wake utatawala, na hamgusi mtu. Waigizaji waione tofauti hiyo kabla ya kukariri chochote.

Banquo anamwuliza mwenzake kwa nini ameshtuka, kwa hiyo mshtuko wa Macbeth uonekane kabla ya swali. Moshi, ngoma na vicheko vya wachawi vikizidi, hadhira itaamini kwamba amelogwa, na lawama yote itawahamia wao. Mbele ya watu wanaouchukulia uchawi kwa uzito hatari hiyo ni kubwa zaidi. Wachawi na waseme kwa utulivu, kama watoa habari.

Hatua ya 3: Funga njia ya bahati

Baada ya utabiri, Macbeth anajiambia kwamba kama bahati inamtaka awe mfalme, bahati na imvike taji yeye akiwa amekaa tu. Katika Onyesho la 4, Mfalme Duncan anamtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi. Hapo subira haina kazi tena. Mpe Macbeth nafasi ya kulipokea tangazo hilo usoni huku wengine wakishangilia. Kabla yake kuna kitu kidogo kisichofaa kupotea: Duncan anasema hakuna ustadi wa kuusoma moyo wa mtu usoni, akimzungumzia bwana wa Cawdor wa awali, msaliti aliyekwisha kuuawa, na papo hapo Macbeth anaingia. Asichelewe hata sekunde mbili.

Hatua ya 4: Tendo la 1 Onyesho la 7, lipeni muda kuliko yote

Hapa ndipo tamthilia inaposimama au kuanguka. Macbeth yuko peke yake. Mwigizaji azihesabu kwa vidole sababu za kutoua: Duncan ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni ndani ya nyumba yake, na ni mtawala mpole asiye na doa. Upande wa kuua ana kitu kimoja tu, tamaa, naye anakiri hivyo kwa kinywa chake. Mkewe anapoingia, anamwambia wazi kwamba jambo hili haliendelei. Sentensi hiyo isemwe kwa dhati. Ikisemwa kwa kusitasita, hakutakuwa na uamuzi wa kuvunjwa.

Kisha weka alama tatu kwenye maneno ya mke: anaposhambulia uanaume wake, anapomkumbusha ahadi, anapotoa mpango wa kuwalewesha walinzi. Hajibu hata hoja moja kati ya zile nne. Jambo la kusisitiza liko katikati. Macbeth anauliza, "Tukishindwa je?" Swali la haki na dhuluma limeshatoweka, limebaki la kufanikiwa au kukamatwa. Mwigizaji asipoisikia zamu hiyo, mabadiliko yake yataonekana ya ghafla.

Mke asipige kelele. Mfalme anakula chumba cha pili. Tena asiwe mnyama: baadaye atasema angemwua Duncan yeye mwenyewe, kama usingizini asingefanana na baba yake.

Hatua ya 5: Mauaji yasionekane

Andaa majambia mawili, maana walinzi ni wawili, na Macbeth anasahau kuyaacha kwao. Kwa damu, sharubati nzito yenye rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo inatosha. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha vazi. Hodi langoni ianze mke akiwa amekwenda kuyarudisha majambia. Mtu apige ubao halisi nyuma ya jukwaa, kwani sauti ya spika haishtui. Mke anaporejea anasema maji kidogo yatawasafisha. Amueni hapo hapo namna anavyonawa mikono, kwa kuwa ishara ileile itarudi katika Tendo la 5 akitembea usingizini.

Hatua ya 6: Onyesha kwamba taji halimshibishi

Macbeth wa historia alitawala Scotland kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan halisi aliuawa vitani akiwa bado kijana. Kumbukumbu za mwandishi wa historia Holinshed, alizozitumia Shakespeare, zinampa Macbeth miaka kumi ya utawala mzuri kabla hajaharibika. Shakespeare aliiondoa miaka hiyo. Mara ya kwanza Macbeth anapojitafakari akiwa mfalme, tayari anasema kuwa mfalme si kitu bila usalama, na anamtaja Banquo. Kwa hiyo usiongeze sherehe ndefu ya kutawazwa. Itampa pumziko ambalo mwandishi alimnyima makusudi.

Mambo mawili yapimeni kwa macho. La kwanza ni umbali wa mume na mke. Katika Tendo la 1 Onyesho la 5 waguse mikono. Tendo la 3 Onyesho la 2, anapomficha mpango wa kumwua Banquo, ziwepo hatua tatu kati yao. Kwenye karamu, meza. Baada ya karamu hawaonekani tena pamoja. La pili ni kasi ya uamuzi. Kwa Duncan anahangaika maonyesho kadhaa. Kwa Banquo anahitaji onyesho moja la kuwashawishi wauaji. Kwa mke na watoto wa Macduff, bwana wa Scotland aliyemkimbia, zinatosha sentensi chache mwishoni mwa Tendo la 4 Onyesho la 1. Waongozaji wengi hukata onyesho linalofuata kwa kukosa mtoto wa kuigiza. Mtafuteni. Bila mtoto yule anayebishana na mama yake, uovu wa Macbeth unabaki kuwa habari ya kusimuliwa tu.

Hatua ya 7: Mwisho

Akisikia mkewe amekufa, Macbeth asilie. Hana tena cha kulilia nacho, na maneno yake yanaonyesha hivyo. Pambano na Macduff lifanyieni mazoezi polepole sana kwanza, kwa panga za mbao zisizo na ncha, na kila pigo lipewe namba. Macbeth ameaminishwa na utabiri kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, na anakataa kupigana akijua Macduff hakuzaliwa kwa njia ya kawaida. Anaishika tena silaha anapoambiwa ataoneshwa hadharani kama kioja. Acheni ukimya kati ya mambo hayo mawili. Macduff anarudi na kichwa chake. Kama hamwezi kukitengeneza vizuri, mleteni na taji lenye damu, maana kichwa kibovu huchekesha na Malcolm hatasikika.