Somo: Kutoka chaneli za zamani hadi tranki, piga hesabu kabla hujanunua redio

Wadau habari za jioni. Hili somo niliahidi wiki jana nikachelewa, stima hapa Nakuru ilikuwa inaenda na kurudi, tusameheane. Kuna mtu aliniuliza kama tranki, ule mfumo wa redio za mkononi ambapo makundi yote yanagawana chaneli, ni kuongezewa chaneli. Hapana bana. Chaneli ni zilezile, ila hazina mwenyewe.

Fikiria Huduma Centre. Mpango wa zamani ni kila dirisha na foleni yake, ya zimamoto, ya ambulensi, ya trafiki, yako ikijaa unangoja hata kama karani wa dirisha la jirani anapiga miayo. Tranki ni ile ya kuchukua tiketi, dirisha lolote likiwa wazi namba yako inaitwa.

Hatua 1, sikiliza. Washa redio kwenye chaneli zenu wenyewe wiki nzima, chukua daftari, andika ile saa yenye presha zaidi watu wanaongea dakika ngapi. Tuseme mna chaneli tano na kila moja inaongewa dakika 12 kwa saa hiyo. Maana yake ukibonyeza kitufe, mara moja kati ya tano utakuta mtu yuko hewani. Sasa zitie zote kapu moja. Moja inakuwa ya kontroli, yaani ya kupokea maombi na kugawa nafasi, haibebi sauti, zinabaki nne. Tumia fomyula ya Erlang, yule Mdenmark aliyekuwa anahesabia simu za Copenhagen miaka zaidi ya 100 iliyopita, utapata kwamba zote nne zimejaa kama mara moja kati ya 50. Umetoa chaneli moja na bado umefaidi! Lakini hesabu hiyo inachukulia kila mtu anabonyeza kwa wakati wake. Lori likipinduka pale Salgaa kila mtu anabonyeza pamoja na hesabu inakwisha, ndiyo maana lazima upange nani anatangulia, na kile kitufe chekundu cha dharura kiwe kinaruka foleni.

Hatua 2, fundisha watu kungoja mlio. Ukibonyeza, redio haiongei moja kwa moja, inaomba kwanza kwa chaneli ya kontroli, inaambiwa nenda frikwensi fulani, wenzako wa kundi lako nao wanahamishwa huko, halafu unasikia pip. Yote haifiki sekunde moja lakini ukiongea kabla ya pip maneno ya mwanzo yanaliwa. Na Kiswahili chetu kinaweka kukataa mwanzoni! Kuna kampuni moja ya ulinzi nilikuwa nawapangia redio, mlinzi akasema "usilete gari" baada ya alamu ya uongo, huku kwa kituo wakasikia "lete gari", gari likatoka mbio hadi Lanet bure. Bosi alinilaumu mimi na programu yangu. Watu walikuwa wamepewa redio asubuhi na kupelekwa kazini jioni, hakuna aliyefunzwa.

Hatua 3, makundi. Panga kwa kazi si kwa vyeo, na uweke kundi moja la pamoja ambalo zimamoto, ambulensi na polisi wote wanalo kwa redio na wamelizoea, si la kutafuta siku ya moto. Alafu usijaze makundi 80, mtu aliye na glavu hawezi kuzungusha kinobu hicho chote.

Hatua 4, milima. Menengai inakaa hapo juu inakuonea, na ukipanda kutoka Salgaa kwenda Sachangwan na Molo mnara wa mjini unaanza kukuacha, kwa hivyo utahitaji saiti zaidi ya moja, yaani minara mingine yenye chaneli zake. Hapa ndipo watu hawaangalii: redio moja tu ya kundi ikihamia saiti ya Naivasha, kila mtu wa kundi hilo akiongea anakula chaneli Nakuru na Naivasha pia. Bosi ameenda semina na redio kiunoni, watu wa huko wanakosa nafasi.

Hatua 5, USITUPE simpleksi. Redio kwa redio bila mnara, analogi ya kawaida. Ndani ya jengo la zege mnara unaweza usikusikie kabisa lakini mwenzako aliye mlangoni atakusikia. Na sauti ya dijitali ikichanganyika na kelele ya msumeno au king'ora inaweza kutoka maneno hayashikiki, analogi inatoa mchakacho lakini sikio linajikazia.

Leseni ya frikwensi ni Communications Authority, anza mapema.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Njoro: Fundi, tuko na Baofeng UV-5R kumi, zinaweza kuingia tranki?
Jibu: Hapana kaka. Hizo ni analogi za kawaida, haziongei lugha ya kontroli. Ziweke kwa hatua 5, zikiwa ndani ya leseni yenu.

Mama Ambulensi: DMR na TETRA gani inabeba zaidi? Sisi pesa ni kidogo.
Jibu: Dada, zote mbili ni aina za redio za dijitali, TETRA inatia mazungumzo manne kwa kHz 25, DMR mawili kwa kHz 12.5, ukigawanya ni sawasawa. Kwa eneo kubwa lenye watu wachache mimi ningeenda DMR, lakini hakikisha ni Tier III, daraja lake la tranki, ile Tier II si tranki kamili hata muuzaji akiapa.

Kijana wa Bahati: Wakati wa kuhama, walio kwa chaneli ya zamani watasikiaje walio kwa mpya?
Jibu: Weka pachi, redio moja ya zamani na moja ya mpya zinafungwa pamoja kituoni. Inafanya, lakini ule mlio wa kungoja walio upande wa zamani hawausikii, so wa zamani wabonyeze, wahesabu moja mbili, ndiyo waongee.

Mzee wa Gilgil: Si tutumie tu simu na apu ya kuongea?
Jibu: Mzee wangu shikamoo. Siku ya kawaida sawa kabisa. Siku ya ajali kila mpita njia anapiga video na kutuma, na simu yako iko kwa foleni moja na yeye.

Mdau wa Njoro: Na betri za hizo Baofeng zimevimba fundi.
Jibu: Toa leo, usichaji tena. Niandikie kando nikuonyeshe za kununua.