Kuhamisha data kutoka MySQL kwenda PostgreSQL bila kupoteza gunia la mtu

Programu ninayoihudumia huandika mizigo ya dagaa inayoshushwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza: nani kaleta, katoka kisiwa gani, gunia ngapi, kilo ngapi, kalipwa au bado anadai. Kila rekodi ni pesa ya mtu, kwa hiyo ninapoihamisha data kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, programu mbili za kanzidata, hatua hizi siziruki.

1. Fanyia mazoezi kwenye nakala.

`mysqldump --single-transaction mwalo > mwalo.sql`

Hapo unapata data yote kama ilivyokuwa kwa wakati mmoja, bila kuwasimamisha makarani, mradi majedwali ni ya InnoDB (aina ya kawaida ya kuhifadhi majedwali ndani ya MySQL). Irudishe nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, uhamishe kutokea huko.

2. Safisha tarehe. MySQL yenye mipangilio legevu hupokea tarehe 0000-00-00. PostgreSQL huikataa. Kwetu zilijaa kwenye safu ya siku ya malipo, kwa mizigo ambayo haijalipwa. Zigeuze ziwe NULL, yaani hakuna thamani. Usibuni tarehe ili kazi ipite, maana mvuvi anayedai ataonekana kashalipwa.

3. Hamisha. Tengeneza kanzidata tupu upande wa PostgreSQL, kisha:

`pgloader mysql://karani@localhost/mwalo postgresql://karani@localhost/mwalo_mpya`

pgloader, chombo cha kuhamishia data, huunda majedwali, hugeuza tinyint(1) kuwa boolean (ndiyo au hapana) na kusogeza kihesabio cha namba za id mpaka namba ya mwisho iliyotumika. Ukihamisha kwa mafaili ya CSV, kisogeze mwenyewe:

`SELECT setval(pg_get_serial_sequence('mizigo','id'), (SELECT max(id) FROM mizigo));`

Ukisahau, mzigo wa kwanza wa asubuhi utapewa namba 1 ambayo ina mwenyewe, nao utakataliwa.

4. Herufi kubwa na ndogo. Hapa ndipo nilipoumia. MySQL kwa kawaida haizitofautishi inapotafuta neno, PostgreSQL huzitofautisha. Wakati wa majaribio mama mmoja alikuja mezani kuulizia mzigo wake. Karani akaandika "ukerewe", kioo kikaleta patupu. Mama hakubishana. Alifungua daftari lake lililokunjika pembe, akaweka kidole kwenye mstari: gunia kumi na mbili, Ukerewe. Mzigo ulikuwemo, umeandikwa kwa U kubwa. Tangu siku hiyo natafuta hivi:

`WHERE lower(kisiwa) = lower('ukerewe')`

na naweka indeksi juu ya lower(kisiwa) ili utafutaji usiwe mzito. Pitia kila sehemu ya programu inayotafuta jina. Kila sehemu.

5. Hakiki. Idadi ya rekodi kulingana haitoshi. Jumlisha kilo na shilingi za kila mwezi pande zote mbili, uzilinganishe. Safu za pesa ziwe NUMERIC; FLOAT huhifadhi makadirio, na jumla zake huweza kupishana kwenye desimali. Halafu chagua rekodi ishirini, shuka nazo mwaloni, uzisome mbele ya madaftari ya karatasi. Mimi naiamini hatua hii kuliko zote.

6. Siku yenyewe. Chagua saa ambayo mitumbwi haishushi. Makarani waandike kwenye karatasi, programu ya zamani ifungwe isipokee kitu, kisha rudia hatua ya 2, 3 na 5 kwa data halisi. Seva iwe kwenye betri, umeme usikukatikie katikati. Jumla zikilingana, elekeza programu kwenye kanzidata mpya, karani aingize mizigo ya karatasini.

Ile ya zamani iache isomeke tu, isiandikike, mpaka mwezi ufungwe na wote wanaodai wawe wamelipwa.