Kumfuata mtoto wa malaria kwa siku 28

Niko maabara Karagwe, huku ambako badiliko la R561H kwenye jeni ya K13 ya vimelea, linalovifanya vichelewe kufa kwa dawa za jamii ya artemisinini, limeshaonekana, kama lilivyoonekana kwa jirani zetu Rwanda. Ndiyo maana tunawafuata watoto waliotibiwa, tujue kama ALu, dawa mseto ya artemeta (ya jamii hiyo) na lumefantrini, bado inaponya. Wenye mashine za kusoma jeni wako mbali, nao hawana cha kusoma kama sisi wa kituoni tumeharibu karatasi zenye damu.

Siku ya kwanza kitabuni ni siku 0. Kabla ya dawa, choma kidole, futa tone la kwanza, kisha weka damu kwenye slaidi na kwenye karatasi ya kuchujia. Tone lijae duara kwa mara moja. Usirudie kudondosha juu yake. Namba ya mtoto iandike kwa penseli, maana wino hutawanyika. Acha karatasi zikauke usiku kucha mbali na jua, zisigusane, halafu kila moja na kifuko chake chenye vipunje vya kunyonya unyevu. Masika ya huku ukizifunga mbichi, utakuta ukungu.

ALu ni dozi sita kwa siku tatu, na mtoto aimeze mbele yako. Mwambie mama alete maziwa, kwani lumefantrini inahitaji mafuta ili iingie mwilini. Kaa naye nusu saa. Akitapika, rudia dozi nzima.

Kwenye hadubini, hesabu vimelea hadi ufikie seli nyeupe 200, kisha zidisha kwa 40: vimelea 150 ni 6,000 kwa mikrolita. Slaidi isomwe na wawili wasiochunguliana majibu. Siku ya 3 ndiyo ninayoitilia mkazo. Ikiwa zaidi ya mtoto mmoja kati ya kumi bado ana vimelea, hapo pana jambo: huenda dawa imeanza kuchelewa kuua vimelea.

Baada ya hapo ni siku ya 7, 14, 21 na 28, na mtoto ameshapona, mama yuko shambani. Namba ya simu haitoshi. Chukua na jina la kitongoji na la balozi wake wa nyumba kumi, na nauli ya bodaboda iwe tayari.

Akirudi na vimelea, toa damu ya karatasi kwanza ndipo umpe dawa nyingine, siku hiyohiyo. Maabara kubwa italinganisha damu hiyo na ya siku 0: vikiwa vimelea vilevile, dawa imeshindwa, vikiwa vingine, kaumwa na mbu mpya.